Ndoo ya Maji Safi

Sahani zilikuwa safi mno. Mama Sabuni alizipokea kwenye sinki la maabara, sahani ndogo za kioo zenye vifuniko, akainua moja usawa wa dirisha na kuona mwanga unapita mpaka upande wa pili. Siku zote sahani za Jumatatu humfikia zikiwa na madoa meupe yaliyotapakaa kama matone ya maziwa, na harufu ya udongo ulioloweshwa na mvua. Leo hamna doa, hamna harufu. Akainua ya pili, akainua ya tatu. Alipofika ya kumi na tisa aliacha kuhesabu.

Mtu angedhani atafurahi, maana jina lenyewe la Mama Sabuni alipewa kwa sababu hana mchezo na uchafu. Wapi! Ubaridi ulimpanda mgongoni. Miaka minne ya kuosha vyombo mahali pale ilikuwa imemfundisha kwamba kwa watu hawa, sahani isiyo na doa ni msiba.

"Acha hizo," sauti ilisema mlangoni. Alikuwa Daktari wa Udongo, mwenye utafiti wake, mama mfupi asiyepaza sauti hata akikanyagwa kidole. "Usioshe hata moja. Njoo bandani, na wenzako waje."

Banda la kioo lilikuwa nyuma ya maabara, lina joto la kukaba koo. Makopo sitini ya mchanga yalipangwa juu ya meza moja ndefu, kila kopo na mche wake wa maharage. Watumishi walisimama watatu: Mama Sabuni, mwosha vyombo wa siku zote na mmwagiliaji wa Jumamosi; Mzee Koti, mchoma mchanga kwa mvuke ili kuua vijidudu, aliyevaa koti lake la kahawia hata kwenye joto lile; na Msimamizi wa banda, funguo zikining'inia kiunoni.

"Wamekufa," Daktari alisema. "Kwenye makopo ishirini ya mwisho wapo hai. Kwenye haya arobaini kuanzia mlangoni, wamekwisha."

Hakuna aliyeuliza akina nani. Daktari alikuwa mtu wa kueleza, na siku ya kupanda aliwaeleza wote, hata Mzee Koti aliyejifanya anasinzia. Ndani ya udongo mna bakteria, aliwaambia, na si wote ni wa maradhi. Hawa wanakaa kwenye mizizi na kuulisha mmea. Lakini kufika kwenye mzizi ni kazi. Kila bakteria ana jeni, yaani maagizo aliyozaliwa nayo: ipo ya kunusa utamu unaotoka mzizini, ipo ya kuogelea kuufuata, ipo ya kutengeneza gundi ya kujishikiza. Daktari aliwachukua bakteria maelfu, akamnyang'anya kila mmoja jeni moja, akamtia alama, akawachanganya wote na kuwamwagia miche. Baada ya wiki tatu mizizi inaoshwa ili ijulikane nani ameshika na nani hayupo. Asiyekuwepo, basi ile jeni aliyonyang'anywa ndiyo ya kushikia. Miaka mitatu alikuwa akiwaandaa.

"Kuna mmoja tulimnyima gundi," aliwaambia siku ile. "Tukajua huyu atateleza tu. Tukamkuta kakaa zake vizuri. Anakalia gundi ya majirani."

"Huyo mpangaji," Mzee Koti alisema bila kufumbua macho, "tena asiye na mkataba." Wakacheka mpaka Daktari akatoa miwani kufuta machozi. Tangu hapo kila bakteria aliyewasumbua walimwita Mpangaji.

Leo hakuna aliyecheka.

"Mzee, Ijumaa uliongeza mchanga kwenye makopo yaliyopungua. Ulikuwa umepoa?"

"Ulipoa, Daktari. Ulilala kutwa."

"Na Jumamosi?" Daktari alimgeukia Mama Sabuni, kalamu mkononi. "Uliwamwagilia nini?"

"Maji safi," alijibu.

Alijibu haraka na kwa moyo mweupe, maana ndivyo ilivyokuwa. Daktari akaandika. Halafu, kama mtu anayejisemea mwenyewe, akaongeza: "Afadhali. Maji ya bomba yana dawa. Yetu hayana kitu ndani, ndiyo maana tunayaita safi. Tone la dawa tu lingewamaliza."

Mkono wa Mama Sabuni ulikuwa ndani ya mfuko wa aproni, na vidole vyake vilikuwa vimeshika pakiti ya vidonge.

*

Jumamosi ile pipa lililoandikwa MAJI SAFI lilikuwa karibu tupu. Mtambo wa kuchuja ulikuwa umeharibika tangu Ijumaa. Alianzia mwisho wa meza, na masalio ya pipa yakatosha makopo ishirini. Alipompigia Msimamizi simu, kulikuwa na makelele ya watu upande wa pili, na Msimamizi akamjibu kama anayefukuza nzi: "Wape maji safi, mama! Ya bombani hivi hivi usiwape!" Akakata.

Basi hakuwapa hivi hivi. Miaka kumi na mbili kabla ya hapo alikuwa mfagizi wa wodi ya wazazi, na wodini kulikuwa na ndoo mbili. Moja iliitwa "maji", ya kawaida. Ya pili iliitwa "maji safi", na hiyo ilikuwa na vidonge vinne vya dawa ya kuua vijidudu, ya kufutia vitanda, mikasi na sakafu yenye damu. "Leta maji safi!" mkunga akipiga kelele, ole wako ulete ndoo isiyonuka dawa. Vidonge vyenyewe havikumtoka mfukoni hata leo, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa kitandani mwaka wa pili, upande wa kushoto umelala, na kila mchana alikimbia nyumbani kumwosha na kufuta vyombo vyake.

Alitia vidonge vinne kwenye ndoo. Ndoo mbili. Akamwagilia makopo arobaini kwa upendo, moja baada ya jingine, akaenda zake nyumbani akiwa ameridhika na kazi yake. Mungu wangu! Alikuwa ameridhika.

*

"Nani anajua?" mumewe aliuliza.

Alikuwa fundi cherehani, na watu walimwita Fundi hata ndani ya nyumba yake. Cherehani ilikuwa chumba cha mbele, hatua mbili kutoka kitanda cha mama yake. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, ya kituo cha utafiti, kama nyumba zote za mstari ule. Anayeacha kazi anaacha na ufunguo.

"Hakuna anayejua. Mimi na wewe."

"Na mimi," mama mkwe alisema kutoka kitandani. Mdomo wake ulikuwa umepinda kidogo lakini masikio, ah, masikio yalikuwa mazima.

Fundi aliondoa mguu kwenye pedali. "Mama, hili halikuhusu."

"Mnaongea juu ya kichwa changu, halafu halinihusu?"

Fundi akashusha sauti, kana kwamba kushusha sauti kungesaidia chochote katika nyumba ile. "Sikiliza, mke wangu. Ulisema maji safi. Ulisema kweli. Hukusema uongo wowote. Nyamaza hapo hapo."

"Wakiuliza tena?"

"Sema maji safi tena." Alinyoosha kidole dirishani. "Umemsahau mlinzi?"

Hakumsahau. Mlinzi alipofukuzwa mwezi wa pili walimpa siku saba. Siku ya nane walikuja watu wawili na gari, wakatoa vitu vyake nje kwenye nyasi kimoja kimoja mbele ya mstari mzima wa majirani: godoro lenye alama ya mkojo wa mtoto, ndoo ya chooni, sidiria za mkewe juu ya kiti. Mkewe alikaa juu ya godoro lile akiwa ameinamisha uso, na Mama Sabuni, Mungu amsamehe, alifunga pazia.

Sasa akilini alimwona mama mkwe wake juu ya nyasi zile zile, amelala chali juani, upande mmoja hausogei, na mapazia ya majirani yakifungwa. Akakaa kwenye kitanda.

"Nipe hiyo pakiti," Fundi alisema. "Nitaitupa."

"Utaitupa wapi? Jalala la hapa wanachambua. Jina la hospitali liko juu yake."

"Lete," mama mkwe alisema. Akanyoosha mkono wake mzima, akaichukua, akaisukuma chini ya mto. "Hakuna anayempekua mtu wa kitandani."

*

Jumanne Msimamizi alikuwa amekwisha kupata mtu wake. Alisimama kando ya pipa la mvuke, kipimajoto mkononi, akimwamuru Mzee Koti achome mchanga upya mbele yake, dakika kwa dakika, mzee wa miaka hamsini na tisa aliyebakiza miezi minane astaafu.

"Onyesha ulivyofanya. Hapo ulisubiri? Ulisubiri kwa saa gani? Una saa wewe?"

"Nasubiri kwa mkono, bwana. Nikishika haunichomi, umepoa."

"Kwa mkono!" Msimamizi aliwageukia wafanyakazi wa mabanda ya jirani waliokuwa wamesogea kutazama. "Utafiti wa miaka mitatu, mtu anapima kwa mkono!" Kisha akamwambia avue koti, aone kama hakuficha chupa ya kilevi. Mzee alivua. Watu wote walidhani koti lile ni ubishi wa kizee. Kumbe chini yake shati lilikuwa limeisha mgongoni, limebaki nyuzi. Chupa haikuwepo. Mzee Koti alirudisha koti lake, akikosa tundu la mkono mara mbili.

Jicho lake likamwangukia Mama Sabuni. "Wewe ulikuwepo Ijumaa, mwanangu. Uliushika mchanga ule ulipokuwa unafagia. Mwambie bwana kama ulikuwa wa moto."

Msimamizi alimtazama. Watu wa mabanda walimtazama. Aliushika mchanga ule, ndiyo. Ulikuwa baridi kama wa kaburini.

"Sikumbuki," alisema.

Mzee Koti alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeulizia njia akaambiwa haipo, akarudi kwenye pipa lake.

Jumatano ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu Daktari alikuja na furaha. Alikuta mizizi michache kwenye yale makopo arobaini yenye bakteria wachache walionusurika, na alikuwa akisoma alama zao moja moja na kuandika kwenye daftari lake kubwa. "Huenda mchanga wa moto umetusaidia," alimwambia Mama Sabuni pale kwenye sinki, macho yakimng'aa kwa kutolala. "Joto limewachuja. Waliobaki wana kitu. Nikijua ni jeni gani, mkulima mwenye shamba kavu, la joto, atapewa bakteria wa kumfaa."

Kalamu ilikuwa ikikwaruza karatasi. Mama Sabuni aliosha chupa ile ile mara tatu. Hakuelewa mambo yote ya jeni, lakini uongo aliuelewa, na uongo huu ulikuwa unatoka kwenye ndoo yake na kuingia kwenye daftari, na kutoka kwenye daftari utakwenda kwa watu asiowajua, wenye mashamba yao na watoto wao. Alitaka kusema. Alifungua mdomo kabisa. Akaliona godoro juu ya nyasi, akaufunga.

"Unaumwa?" Daktari aliuliza.

"Joto tu, Daktari."

*

Jioni ile, jua bado liko juu ya paa, alikuwa akimgeuza mama mkwe ili asipate vidonda vya mgongo. Mwanamke yule alikuwa mzito upande uliokufa na mwepesi upande mwingine. Mto ulisogea, pakiti ikaanguka sakafuni kwa sauti ndogo. Wote wawili waliitazama.

"Siku tatu nalalia kitu hicho," mama mkwe alisema. "Kinanuka mpaka ndotoni. Naota nimo wodini, nazaa."

"Nitakitafutia mahali pengine, mama."

"Sikusema hivyo." "Huyo mzee wa koti. Ndiye aliyenibeba kunitoa kwenye gari siku ile nilipoletwa hapa?"

"Ndiye."

"Alinibeba kama mtungi. Alikuwa anahema, maskini, lakini hakuniangusha." Jicho lake moja lilitiririka machozi, kama lilivyozoea siku hizi hata bila sababu. "Wanamfukuza lini?"

"Kesho anasaini barua."

Fundi alisimamisha cherehani. "Mama, usianze. Wakitutoa hapa nikupeleke wapi? Nikuweke wapi wewe?"

"Sijui," mama mkwe alisema. "Naogopa hata mimi. Unadhani siogopi? Kila gari likipita hapa nje najikojolea." Alisema hivyo mbele ya mwanawe, bila aibu, na Fundi akageuza uso ukutani. "Lakini sitaki kufia juu ya mto huo. Okota, mwanangu. Ondoka nacho."

*

Alhamisi saa nne walikuwa ofisini kwa Daktari. Barua ilikuwa mezani, na Mzee Koti alikuwa ameshika kalamu, anatafuta mahali pa kuweka jina. Mama Sabuni aliingia bila kubisha. Akaiweka pakiti ya vidonge juu ya ile barua.

"Ni mimi," alisema. "Mchanga ulikuwa baridi. Niliushika. Niliwapa maji ya dawa."

Alitegemea kelele. Daktari aliivuta pakiti, akaisoma, akafungua daftari lake kubwa kwenye ukurasa mpya.

"Vidonge vingapi?"

"Vinne kwa ndoo."

"Ndoo ngapi?"

"Mbili, Daktari."

"Makopo yapi?"

"Arobaini ya kuanzia mlangoni. Ya mwisho yalipata masalio ya pipa. Nikidhani... hospitalini tulikuwa tunaita hivyo. Maji safi. Ndiyo yalikuwa na dawa."

Daktari aliacha kuandika. Alirudia maneno yale mawili kwa sauti ya chini, mara mbili, kama anayeyaonja. Kisha akarudi nyuma kurasa tatu, zile za furaha ya Jumatano, akavuta mstari juu ya kila ukurasa, polepole, kwa rula.

"Ningeyapeleka haya," Daktari alisema. "Wiki ijayo ningeyapeleka."

"Afukuzwe leo hii!" Msimamizi alipata sauti. "Siku nne anatudanganya! Maji safi yako pale, pipa limeandikwa, yeye anachukua..."

"Pipa lilikuwa tupu," Mama Sabuni alisema. "Nilikupigia."

Daktari aliinua kichwa. "Lilikuwa tupu?"

Funguo za kiunoni kwa Msimamizi zililia kidogo.

"Mtambo uliharibika lini?" Daktari aliuliza, na bila kumsubiri Msimamizi akamwambia Mzee Koti, "Weka kalamu chini, mzee wangu. Nenda kazini." Halafu akamtazama Mama Sabuni, na hapakuwa na hasira usoni mwake, na hapakuwa na msamaha. "Wewe uliniangalia nikiandika. Ulisimama pale kwenye sinki ukaniangalia. Siwezi kukuokoa, mama. Nikitaka pia siwezi."

Barua ya Mama Sabuni ilifika Ijumaa. Kazi imesitishwa, ufunguo wa nyumba urudishwe ndani ya siku saba.

*

Jumamosi asubuhi walikuwa wakifunga vitu. Fundi alikuwa amelaza cherehani ubavuni na kuifunika shuka, hasemi, na kila alipopita karibu na mkewe alipita upande. Mama mkwe alikuwa macho, akisikiliza magari. Ndipo walipoona kivuli mlangoni. Mama Sabuni alishtuka akaangusha sufuria. Alidhani wamekuja kabla ya siku.

Alikuwa Mzee Koti. Nyuma yake barabarani palikuwa na mkokoteni.

Hakuingia. Alisimama kizingitini, mikono mfukoni mwa koti, akimtazama Mama Sabuni mpaka yule mwanamke akainamisha macho.

"Siku tatu," alisema. "Siku tatu ulinitazama nikibeba kosa lako, hata nikavuliwa koti mbele za watu. Nilikuuliza kitu kidogo tu. Ukasema hukumbuki."

"Nisamehe, baba."

"Sijafika huko. Bado nina hasira na wewe, na nitakaa nayo." Akakohoa. "Mimi nyumba yangu ina vyumba viwili na nakaa peke yangu. Miezi minane, mpaka nistaafu. Huyo mama hawezi kulala nje."

Fundi alikaa juu ya cherehani yake kwa ghafla, akafunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika. Kutoka kitandani ilisikika sauti nzito: "Mwambie asiniangushe."

"Sikukuangusha ulipokuwa mnene, bibi, nije nikuangushe leo?" Mzee Koti alijibu. Kisha akajifuta jasho la shingoni. "Nipeni maji kwanza. Nimesukuma hili gari mlima mzima."

Mama Sabuni alichota kwenye ndoo ya kunywa, akampelekea kikombe kwa mikono miwili. Mzee alikipokea, akachungulia ndani, akamtazama yeye.

"Ni maji safi haya?"

Damu ilimpanda usoni. Akaikumbuka siku ile mbele ya pipa la mvuke.

"Yana dawa," alisema. "Kidonge kimoja kilichobaki, kwa ndoo nzima. Nimeyatia jana jioni."

Mzee Koti aliyatazama tena, akanusa, kisha akayanywa yote mpaka tone la mwisho, na kumrudishia kikombe.

"Haya," alisema. "Shika miguu, mimi nishike mabega."